Nyumba Iliyofagiwa



Somo letu la mwezi huu tumelitwaa katika Injili ya Luka, sura ya 11, tangu mstari wa 21 hadi wa 26. Tafadhali fungueni Biblia zenu mlisome lote kwa pamoja kabla ya kuendelea, maana somo hili limezoea kukatwa katikati. Wahubiri wengi hulisoma hadi mstari wa 22, wakashangilia, wakafunga kitabu. Hapo Bwana wetu asimulia habari za mtu mwenye nguvu na silaha, anayeulinda ua wake mtu asiuguse. Kisha aja mwingine aliyemzidi nguvu, amshinda, amvua silaha zile alizozitegemea, na mali yake yagawanywa. Sote twapenda kisa cha namna hiyo. Lakini Bwana hakuishia hapo. Baada ya neno moja tu aleta habari ya pepo mchafu aliyemtoka mtu, akatangatanga nyikani asipate pa kukaa, mwisho akakumbuka makao yake ya zamani. Aliporudi aliikuta nyumba imefagiwa na kupambwa. Akaenda akaita wenzake saba wabaya kumpita yeye, wakaingia wote wakakaa, na hali ya mtu yule ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa kwanza.

Nyumba ile haikuwa na uchafu. Mathayo, aisimuliapo habari hiyohiyo katika sura ya 12, aongeza neno ambalo Luka hanalo: nyumba ilikuwa tupu.

Twalileta somo hili kwa sababu ya swali ambalo vijana wetu wametuuliza zaidi ya mara moja watokapo ibadani. Wasikiapo habari za nchi ambayo mtawala wake awaua raia zake, husema: mbona mataifa yenye nguvu hayapeleki jeshi likamwondoa, ili wananchi wapate kupiga kura kwa amani na kujitawala? Swali hili si la kijinga, latoka katika huruma, na mtu asiyeuliza neno kama hilo akiona damu ya wenzake huenda moyo wake umekufa ganzi. Kwa hiyo hatutaki kulijibu juu juu. Tungeweza kuwatajia Iraq, ambako majeshi ya Marekani na Uingereza yaliingia mwaka 2003. Au Afghanistan, ambako Marekani na wenzake walikaa miaka 20, na kabla hawajamaliza kuondoka mwaka 2021 Taliban wale waliofukuzwa wakawa wameingia tena Kabul. Lakini nyumba hizo ziko mbali, na habari zake twazijua kwa kusimuliwa. Iko nyumba moja ya jirani ambayo yule mwenye nguvu zaidi aliyeingia humo alikuwa ni jeshi letu wenyewe la Tanzania. Ni Uganda.

Idi Amin aliitwaa nchi ile tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore mkutanoni. Vijana wengi hawajui kwamba siku ile watu wa Kampala walijaa barabarani kwa furaha, na ya kwamba Uingereza iliitambua serikali ya Amin upesi sana. Walikuwa na sababu ya kufurahi. Obote mwaka 1966 alikuwa ameitupa katiba ya uhuru na kupeleka jeshi kulipiga jumba la Kabaka, na aliyeliongoza jeshi siku ile alikuwa huyohuyo Amin. Tena tangu 1962 hapakuwa na uchaguzi mkuu. Basi walipoambiwa kwamba askari ameshika nchi kwa muda tu, ili kupisha uchaguzi, walishangilia. Uchaguzi haukuja. Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na wengine wakashangilia tena kwa kuwa maduka yaligawiwa. Halafu watu wakaanza kutoweka usiku, mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi.

Kanisa letu la Anglikana lilikuwa na mtu humo. Askofu Mkuu Janani Luwum alizaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi upande wa Kitgum. Sisi walimu twampenda kwa namna ya pekee kwa kuwa kabla ya kuwa kasisi alikuwa mwalimu wa shule, mwenzetu wa chaki. Aliokoka mwaka 1948 katika uamsho, akawa askofu 1969, na askofu mkuu 1974. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake pale Namirembe, wakapekua kila chumba wakitafuta silaha, wasione kitu. Siku chache baadaye maaskofu walikaa wakamwandikia Amin barua. Hawakumwita shetani, wala hawakuita jeshi la nchi yoyote lije kumpindua. Walimwambia jambo moja lililo wazi, nalo ni kwamba bunduki iliyonunuliwa ili imlinde mwananchi sasa ndiyo inayomwua na kumnyang'anya mali. Walitia sahihi majina yao. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kesho yake serikali ikatangaza ati wote watatu wamekufa katika ajali ya motokaa. Waliouona mwili wa Askofu Mkuu waliona matundu ya risasi.

Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa Namirembe, karibu na kaburi la Askofu Hannington, lakini serikali ilikataa kuutoa mwili. Ukapelekwa Mucwini ukazikwa huko chini ya ulinzi wa askari. Jumapili ile watu walikusanyika kwa maelfu Namirembe, wakaimba wamelizunguka kaburi lisilo na mtu. Askofu Festo Kivengere, ambaye wazee wetu walimfahamu kwa kuwa alifundisha shule Dodoma miaka mingi, alivuka milima usiku na mkewe wakaingia Rwanda. Baadaye mwaka huohuo alitoa kitabu, na katika jina la kitabu hicho alisema kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walimshangaa. Kitabu hicho tutakirudia siku nyingine, maana chataka somo lake peke yake.

Sasa tuje kwa yule mwenye nguvu zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakachoma, yakapora ng'ombe kwa maelfu, yakaua. Wananchi waliopoteza maisha hukadiriwa kuwa 1,500. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa nchi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake, na daraja la Kyaka likavunjwa. Sisi tuliokuwa wanafunzi wa chuo cha ualimu wakati ule twakumbuka tulivyoizunguka redio moja ya chuo kusikia hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba, na jinsi maneno yale matatu, sababu, nia na uwezo, yalivyorudiwa mabwenini hata na watu waliokuwa hawana habari na siasa. Vijana wa mgambo waliondoka vijijini. Watu walitoa ng'ombe, mahindi, fedha. Hakuna aliyeuliza stakabadhi. Mwezi Januari 1979 jeshi letu lilivuka mpaka pale Mutukula, Februari likaichukua Masaka na Mbarara, Machi likapigana na Walibya waliotumwa na Gaddafi kule Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa imeanguka. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, ambako alifia kitandani mwaka 2003.

Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya mwenzake. Sisi hatuoni kwamba walikuwa na haki ya kulaumu kwa sauti kubwa namna ile, wakati kwa miaka minane hapakutoka hata azimio moja la maana juu ya waliokuwa wakiuawa Uganda. Tanzania ilikuwa imeshambuliwa. Haikwenda Kampala kutafuta dhahabu wala mafuta. Mamia ya askari wetu hawakurudi, na makaburi yao yako Kaboya, wilayani Muleba, kwa yeyote anayetaka kwenda kuyaona. Nchi yetu iliambiwa ifunge mkanda miezi 18, na kila mwenye umri wetu ajua kwamba ile miezi 18 ilikuwa mirefu kuliko kalenda ilivyosema. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vikawa vitu vya kusimulia. Waganda waliwapokea askari wetu kwa nderemo. Kama palipata kuwa na vita ya namna hiyo ambayo Mkristo angeweza kuitazama bila kuona haya, basi ni ile.

Hata hivyo hatuwezi kupita bila kusema kwamba Masaka na Mbarara ziliachwa magofu, na si yote yaliyobomolewa mle yalibomolewa kwa sababu ya mapigano. Kisasi cha Kagera kilikuwamo.

Pia lipo jambo la lugha ambalo hapa kwetu halisemwi sana. Kiswahili hiki tunachoombea na kuhubiria, kule Uganda kilikuwa ni lugha ya kizuizi cha barabarani. Askari wa Amin walikitumia kuamuru watu walale chini, na mwaka 1973 Amin mwenyewe alikitangaza kuwa lugha ya taifa, jambo ambalo halikukiongezea wapenzi hata mmoja. Mama wa Kampala akisikia Kiswahili usiku mlangoni pake alijua ni bunduki imekuja. Mwaka 1979 wakaja askari wengine, wazuri kuliko wale, wenye salamu na adabu, lakini nao walikuwa na bunduki, na walisema Kiswahili kilekile.

Basi nyumba ikawa imefagiwa. Nani aingie?

Hata kabla Kampala haijaanguka, Waganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wamekutana Moshi, tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wakaunda chama cha pamoja na kumchagua Profesa Yusuf Lule awe kiongozi. Waliokutana Moshi walikuwa wasomi na wanasiasa, wengi wao watu wema. Lakini mwananchi wa Masindi au wa Soroti hakuulizwa. Lule aliapishwa mwezi Aprili, akakaa siku 68. Wenzake wakamwondoa Juni 20, naye akapelekwa Dar es Salaam, na watu wa Kampala wakaandamana kudai arudishwe, huku askari waliokuwa wakilinda mji ni wetu. Akaja Godfrey Binaisa. Mei 1980 naye akaondolewa, safari hii na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, na majeshi ya Tanzania yaliyokuwa mjini hayakuingilia. Wiki mbili baadaye Obote akarudi kwao. Miaka yote ile tangu 1971 alikuwa mgeni wetu Dar es Salaam, tena rafiki wa Mwalimu.

Hapa ndipo pana uchungu wa habari hii. Anayemtoa jambazi nyumbani mwako kwa nguvu ndiye atakayeulizwa nani alale chumba gani. Hata asipotaka kujibu, kunyamaza kwake kutahesabiwa kuwa ni jibu. Tanzania ilipokaa kimya mwezi Mei, kila Mganda alielewa imesema nini. Wapo wanaosema kwamba Mwalimu alipanga Obote arudi tangu mwanzo. Wapo wanaosema nchi yetu ilikuwa imechoka, haina fedha, yataka kuondoka tu. Sisi twaona kwamba kwa Mganda wa kawaida yote mawili yalizaa jambo lilelile. Mlango wake haukufunguliwa na yeye, na ufunguo haukuwa mkononi mwake.

Uchaguzi ulifanyika Desemba 10 na 11, 1980. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu 1962, hata mtu wa miaka 35 alikuwa hajapiga kura maishani mwake. Watu walisimama mistari mirefu tangu alfajiri. Baadhi ya vituo karatasi zilichelewa, ndipo siku ya pili ikaongezwa. Watu walingoja. Tunasimama hapa kidogo, kwa sababu sisi walimu tumewahi kufanya kazi ile. Tangu enzi za jembe na nyumba, walimu ndio waliokuwa wakiitwa kusimamia vituo, na tunajua ilivyo kuhesabu karatasi kwa taa ya chemli hadi usiku wa manane, mawakala wakikutazama vidole, kisha kuandika tarakimu moja na kuitamka kwa sauti ili kila aliye chumbani aisikie. Tarakimu ile haiwi yako ukiisha kuitamka. Inakuwa ya wote. Kwa mawazo yetu, hapo ndipo kujitawala kunapokaa, zaidi ya bungeni na zaidi ya ikulu.

Sasa sikieni lililotokea. Tarehe 11 Desemba, matokeo yakiwa yameanza kuonyesha chama cha DP cha Paul Ssemogerere kikifanya vizuri, na watu wa Kampala wakiwa wameanza kusherehekea, Muwanga alitoa amri kwamba hakuna msimamizi atakayetangaza matokeo ya mahali pake. Yatapelekwa kwake yeye, naye ndiye atakayeamua kama ni halali, na atakayetangaza kinyume atafungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini ya shilingi 500,000. Fikirini hali ya wasimamizi wale. Nchi nzima ilikuwa imejaa watu wanaoijua hesabu na ambao wamekatazwa kuitamka. Kisha ikatangazwa kwamba UPC, chama cha Obote, kimeshinda kwa viti zaidi ya 70, DP ina viti 50 hivi. Watazamaji wa Jumuiya ya Madola walikuwapo, wakaona kasoro nyingi, wakasema kwa jumla uchaguzi wakubalika. Na jeshi lililokuwa na nguvu ya kuhakikisha kura yalindwa lilikuwa letu. Lilikuwa na uwezo wa kuuteka mji wa Kampala. Kulazimisha hesabu isemwe kweli, hilo ni jambo ambalo mizinga haifundishwi.

Februari 6, 1981 Yoweri Museveni na vijana wachache walishambulia kambi ya Kabamba kutafuta bunduki, na vita ikaanza upya. Juni mwaka ule askari wetu wa mwisho walirudi nyumbani. Wakati watoto wetu wakiimba nyimbo za ushindi katika paredi za shule, Luwero ilikuwa inateketea. Vita ilipokwisha, wanavijiji wa Luwero walikusanya mafuvu ya jamaa zao wakayapanga kando ya barabara, juu ya meza na vichanja, wapita njia wayaone. Julai 1985 majenerali wakampindua Obote mara ya pili. Januari 26, 1986 Museveni akaichukua Kampala. Pepo saba, ndugu zetu. Wala hatusemi kwamba kila mmoja wa watu hawa alikuwa pepo. Twasema nyumba ilikuwa haijakaliwa na wenyewe, na kila mwenye bunduki aliyepita aliona nafasi.

Kuna mtu atasema kwamba Waganda hawakuwa tayari, au hawana uwezo wa kujitawala. La hasha. Kati ya 1989 na 1993 Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi ile wilaya kwa wilaya kuuliza wananchi wanataka katiba gani, ikapokea maoni zaidi ya 25,000, mengine yameandikwa kwenye karatasi za daftari la shule. Hao ndio wenye nyumba wakiingiza vyombo vyao. Katiba ya 1995 ilitoka humo, na wananchi waliweka ndani yake sharti kwamba rais asizidi vipindi viwili, kwa kuwa walikuwa wamejifunza kwa machozi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2005. Sharti la umri likaondolewa 2017, baada ya watu wa usalama kuingia ndani ya Bunge na kuwatoa kwa nguvu wabunge waliokuwa wakipinga. Aliyeingia Kampala mwaka 1986 ametangazwa mshindi wa kila uchaguzi wa rais tangu 1996. Kwa hiyo hatuwaambii vijana wetu kwamba mkiingiza vyombo nyumbani basi kazi imekwisha. Vyombo huibwa hata mchana kweupe na waliopewa kazi ya kuvilinda. Twawaambia kwamba pale palipokuwa na kitu cha kuiba, palikuwa na wenyeji waliokileta, na wenyeji hao hawajaacha kukidai.

Turudi Mucwini, nyumbani kwa Janani. Baada ya 1986 vita ilihamia kaskazini, katika nchi ya Waacholi, na Joseph Kony akawateka watoto na kuwafanya askari kwa muda wa miaka 20 hivi. Mwezi Julai 2002 waasi wake waliwaua watu zaidi ya 50 huko Mucwini kwenyewe, mahali Askofu Mkuu alipolazwa. Baadaye mwenye nguvu wa nje akaja huko pia: mwaka 2011 Marekani ilituma askari kama 100 kusaidia kumsaka Kony katika misitu ya Afrika ya Kati. Waliondoka 2017, Kony hajakamatwa.

Lakini kulikuwa na watu wengine ambao hawakutumwa na nchi yoyote. Viongozi wa dini wa Acholi, Waanglikana, Wakatoliki, Waislamu na Waorthodoksi, walikuwa wameungana tangu miaka ya 1990 kutafuta amani. Mmoja wao alikuwa Askofu Macleod Baker Ochola wa Kitgum, ambaye mkewe aliuawa na bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997. Mtu wa namna hiyo angeweza kudai kisasi na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye na wenzake waliingia msituni kuzungumza na waasi, wakashutumiwa na serikali kwa kuzungumza nao, wakashutumiwa na waasi kwa kuwa karibu na serikali. Walikwenda Kampala kuwashawishi wabunge, mmoja mmoja, hata Bunge likapitisha Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, ambayo iliwawezesha maelfu waliokuwa msituni, wengi wao walitekwa wakiwa watoto, kuweka silaha chini na kurudi makwao. Sheria hiyo haikuletwa kwa kifaru. Ililetwa na wazee waliovaa viatu vilivyochakaa kwa kupanda na kushuka mabasi.

Wakati ule, kila jioni, maelfu ya watoto wa vijiji vya Gulu walikuwa wakitembea kwa miguu hadi mjini wakalale barazani na kituo cha mabasi, wasije wakatekwa usiku, na asubuhi hurudi vijijini. Dunia ilikuwa haijajali sana. Mwezi Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Wakatoliki, Askofu Ochola, na wenzao Mwislamu na Mwothodoksi, walitoka majumbani mwao giza lilipoingia, wakatembea hadi mahali watoto walipokuwa, wakalala nao chini usiku ule. Kesho yake jioni wakarudi tena. Walilala hapo siku nne.